Misako ya Usiku Malaba: Wapi Mpaka wa Kazi ya Askari?

Malaba ni mji mmoja wenye serikali mbili. Upande wa magharibi wa mto ni Wilaya ya Tororo, Uganda. Upande wa mashariki ni Kaunti ya Busia, Kenya. Na watu wake, Wateso kwa wingi, wana ndugu, mashamba na makaburi ng'ambo zote mbili. Malori yatokayo bandari ya Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Juba na mashariki ya Kongo hupita hapo usiku na mchana. Mahali linapolala lori hulala pia dereva na utingo wake, na mtu aliye safarini hutafuta chakula, kinywaji, muziki na mtu wa kuzungumza naye. Ndiyo sababu baa, majumba ya disko na nyumba za kulala wageni zimejipanga kandokando ya barabara kuu. Na kwa kuwa penye starehe za usiku hapakosi malalamiko ya asubuhi, ya wazazi, ya viongozi wa dini na ya majirani waliokosa usingizi, askari huitwa mara kwa mara kwenda "kusafisha mji".

Neno hilo, kusafisha, linastahili kuchunguzwa na kila avaaye sare. Takataka husafishwa, wahalifu hukamatwa. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na askari ashukaye garini saa sita ya usiku mlangoni pa klabu hana budi kujua ni lipi kati ya mawili hayo alilotumwa kulifanya, maana sheria imempa uwezo wa kufanya moja tu.

Hapana shaka kwamba wasiwasi wa wananchi si wa kubuni. Katika miji ya mpakani wasichana ambao hawajatimiza miaka 18 huletwa kwa ahadi ya kazi ya hoteli na kuishia katika kazi nyingine. Uganda ilitunga sheria ya kuzuia biashara ya kusafirisha binadamu mwaka 2009, Kenya mwaka 2010, na sheria zote mbili zina adhabu kali. Pombe yenye sumu ya methanoli iliua makumi ya watu wilayani Kabale mwaka 2010, na makumi wengine nchini Kenya mwezi Mei 2014. Silaha huuzwa gizani, mafuta hufyonzwa katika malori, na mali ya wizi hubadilisha mikono juu ya meza ya bia. Hayo yote ni makosa yenye majina katika vitabu vya sheria, na askari anayeyafumbia macho huwa ameitupa kazi yake.

Walakini hebu tutazame misako yenyewe inavyokwenda aghalabu. Gari husimama, mlango hufungwa, muziki huzimwa na taa huwashwa. Watu wote huamriwa kuketi sakafuni, wanawake huku na wanaume kule. Haulizwi nani ametenda nini, kwa kuwa kosa lenyewe limekwisha kuwa ni kule kukutwa mahali pale. Njiani kuelekea kituoni orodha huanza kupungua. Dereva wa lori ana mzigo unaosubiriwa na tajiri wake, hawezi kulala mahabusu, hivyo hutoa alichonacho na kuteremka. Mfanyabiashara hupiga simu. Mhudumu wa baa, ambaye mshahara wake wa mwezi haufikii faini, ndiye afikaye mbele ya hakimu asubuhi. Msako wa namna hiyo huwachuja watu kwa uzito wa mifuko yao. Mwenye kuwauza wasichana, mtu ambaye kwa kawaida hajikalii ukumbini bali hulala nyumbani kwake, hausikii hata mlio wa gari.

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mjini Dar es Salaam, ambayo ilikusudiwa kuanza tarehe 1 Januari 1969, kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua ngozi. Hata kabla ya siku yenyewe kufika, makundi ya vijana yalikwisha kuanza kuwashambulia wanawake huko Kariakoo, na polisi ikabidi waingilie kati. Yafaa askari walitafakari hilo. Tangazo lilitolewa kwa jina la heshima ya mwanamke wa Kiafrika, na kazi ya kwanza iliyowaangukia polisi ikawa ni kumwokoa mwanamke wa Kiafrika kutoka mikononi mwa walinzi wa heshima yake.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1971 serikali ya kijeshi ya Idi Amin ilitoa amri iliyowapa wanajeshi uwezo wa kuwakamata raia. Mwaka uliofuata ilitoka amri nyingine iliyokataza nguo fupi za wanawake, na mwaka 1974 mawigi na suruali vikaongezwa. Ukiziweka amri hizo pamoja utaona kilichotokea: mtu aliyefunzwa kushika bunduki na kusoma ramani alisimamishwa kizuizini kupima nguo za dada za watu. Si kazi ya infantri, na hakuna chuo cha kadeti duniani kinachoifundisha. Lakini ilikuwa kazi yenye faida, maana kila kizuizi kiligeuka kuwa duka, na bidhaa iliyouzwa hapo ilikuwa ruhusa ya kupita. Jeshi lililozoea kazi hiyo halikuweza kuizuia nchi ilipofika siku ya vita. Mwezi Aprili 1979 Kampala ilikombolewa, na wananchi walijipanga barabarani kushangilia majeshi yaliyoingia.

Miaka michache baadaye, katika utawala wa pili wa Obote, ikaja desturi ambayo wakazi wa Kampala waliipa jina la Kiswahili: panda gari. Askari walizingira mtaa au soko, wakawaamuru watu wote kupanda malori, na uchambuzi wa nani mwasi na nani muuza nyanya ukafanywa baadaye, kama ulifanywa. Baadhi ya waliopanda hawakuonekana tena. Kwa sisi tusemao Kiswahili kazini jambo hili lina uchungu wake maalumu. Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi Uganda tangu enzi za King's African Rifles. Mwaka 2005 Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo wako wazee katika Uganda ambao wakisikia Kiswahili usiku hufunga madirisha. Wanakijua kama lugha ya watu waliokuja na malori. Maneno mawili ya amri yalitosha kuiharibia lugha nzima jina lake, na mwalimu wa leo anapata taabu kuyafuta.

Basi anayepakia ukumbi mzima wa disko katika gari la polisi afahamu anachokifanya kinaitwaje na watu wenye kumbukumbu.

Kuhusu pombe, Malaba inatoa somo ambalo ni vigumu kulipata mahali pengine, kwa kuwa kinywaji ni kilekile kwenye kingo zote mbili za mto na sheria ndiyo iliyokuwa mbalimbali. Pombe kali ya kienyeji huitwa chang'aa upande wa Kenya na enguli au waragi upande wa Uganda. Tangu miaka ya 1960 Uganda iliamua kuitia katika utaratibu wa leseni: mpishi mwenye kibali aliweza kuiuza kiwandani isafishwe, na hapo ndipo ilipotoka chupa ya Uganda Waragi. Kenya, kwa upande wake, ilitunga sheria ya kuipiga marufuku chang'aa mwaka 1980. Hivyo kwa muda wa miaka 30 debe moja lilikuwa malighafi ya kiwanda ukingo mmoja, na kidhibiti cha mahakamani mita chache ng'ambo.

Nani alishinda? Chang'aa haikutoweka. Misako ilifanyika miaka yote hiyo, mapipa yakamwagwa, wanawake wajane waliosomesha watoto kwa biashara hiyo wakafungwa na kurudi kuipika tena. Ukweli ambao kila askari mkongwe wa vijijini anaujua, ingawa hausemi gwarideni, ni kwamba mpishi wa chang'aa alikuwa na ratiba ya malipo. Mwaka 2010 Bunge la Kenya lilifuta marufuku hiyo, likatunga Sheria ya Udhibiti wa Vileo, ambayo watu waliipa jina la mbunge aliyeiwasilisha, Mututho. Chini ya sheria hiyo baa za kawaida huruhusiwa kuuza kuanzia saa kumi na moja za jioni hadi saa tano za usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane za mchana mwishoni mwa juma. Vilabu vya usiku vina leseni ya peke yake. Utoaji wa leseni ulikabidhiwa serikali za kaunti na Katiba ya mwaka 2010. Marekani ilijaribu marufuku kamili tangu mwaka 1920 hadi 1933, ikaishia pale pale, ila yenyewe ilipata na majambazi matajiri juu yake.

Wala utaratibu wa leseni peke yake hautoshi pale kituo cha polisi kinapokuwa kibovu. Mwezi Februari 2024 zaidi ya watu kumi walikufa katika Kaunti ya Kirinyaga, Kenya, baada ya kunywa pombe haramu. Ilipochunguzwa, serikali ilieleza kwamba pombe hiyo ilikwisha kukamatwa na kuwekwa kituoni kama kidhibiti, kisha ikatoka kituoni na kurudi sokoni. Msako ulifanikiwa, ndugu askari. Gari lilikwenda, mali ikakamatwa, ripoti ikaandikwa. Kilichoshindikana ni kufuli la ghala na uaminifu wa mwenye ufunguo, na watu wakafa kwa kinywaji ambacho serikali ilikuwa nacho mkononi.

Upande wa Tororo mjadala wa saa za kunywa uliingia Bungeni mwezi Novemba 2023, wakati Mbunge Mwanamke wa wilaya hiyo, Sarah Opendi, alipowasilisha muswada wa kudhibiti vileo uliokusudia kubana saa za kuuza na kuziweka kando sheria kuukuu za miaka ya 1960. Wapo walioukaribisha na wapo walioupinga kwa sababu za biashara. Kwa askari jambo la kuangalia ni moja: kanuni ya saa ni kanuni inayopimika. Saa ya ukutani haibishaniwi. Mwenye baa amefunga au hajafunga, ana leseni au hana. Ni tofauti kabisa na kumtuma konstebo akapime "tabia njema" kwa jicho lake mwenyewe, maana jicho hilo hupima kwa namna moja akiwa ameshiba na kwa namna nyingine akiwa na njaa.

Na hapa tunafika penye kiini. Katika miaka ya karibuni mahakama za Uganda zimeondoa, kimoja baada ya kingine, vifungu vipana ambavyo misako ya maadili ilivitegemea. Mwezi Februari 2014 ilitiwa saini Sheria ya Kupinga Ponografia. Wananchi wengi waliielewa kuwa ni sheria ya sketi fupi, na makundi ya wahuni yakaanza kuwavua nguo wanawake barabarani kwa madai ya kuitekeleza, mpaka polisi wakalazimika kutangaza kwamba hakuna raia aliyepewa kazi hiyo. Mwezi Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vifungu vyake vikuu, ikiwa ni pamoja na tafsiri yenyewe ya ponografia, kwa sababu vilikuwa havieleweki mipaka. Tarehe 2 Desemba 2022 mahakama hiyohiyo ilikibatilisha kifungu cha uzururaji katika Kanuni ya Adhabu, kile kilichomruhusu askari kumkamata mtu kwa kuonekana tu mahali na wakati ambao ulimtilia shaka askari. Kifungu hicho kilirithiwa kutoka kwa Waingereza, na kwa miongo mingi ndicho kilichojaza hati za mashtaka asubuhi baada ya misako.

Kenya ilikuwa na tukio lake mwaka uleule wa 2014. Wanaume walimvua nguo mwanamke katika kituo cha matatu jijini Nairobi, wakisema amevaa vibaya, na mwezi Novemba wanawake wakaandamana. Kabla ya mwaka kwisha Bunge liliongeza katika Kanuni ya Adhabu kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 20. Hivyo katika mwaka mmoja, mji mmoja wa Malaba ulikuwa na sheria mpya ng'ambo moja iliyowapa wahuni kisingizio, na ng'ambo ya pili sheria mpya iliyowapeleka gerezani.

Tuchukue mfano wa msako wenyewe. Mwezi Novemba 2019 polisi waliingia katika Ram Bar, katikati ya Kampala, wakawachukua watu 125. Waliofikishwa mahakamani walikuwa 67, kwa kosa la kuleta kero kwa umma. Acha kwanza habari ya wateja wale ni akina nani na sifa ya baa ile ni ipi. Fanya hesabu tu. Watu 58 walipakiwa, wakawekwa mahabusu, na hawakushtakiwa kwa lolote. Walipanda gari kwa sababu gani? Ibara ya 23 ya Katiba ya Uganda inadai kuwapo kwa shaka ya maana kwamba mtu fulani ametenda au anakaribia kutenda kosa. Inadai aambiwe sababu katika lugha anayoielewa. Inadai afikishwe mahakamani kabla ya saa 48. Katiba ya Kenya, Ibara ya 49, inatoa saa 24. Hakuna kati ya Katiba hizo mbili inayofahamu shaka ya jumla juu ya ukumbi mzima.

Watu watauliza juu ya Sheria ya Kupinga Ushoga ya mwaka 2023, ambayo kwa sehemu kubwa Mahakama ya Katiba iliiacha isimame tarehe 3 Aprili 2024. Sheria ipo, na wanaoipinga na wanaoiunga mkono wana mahali pa kusema. Lakini askari asome hukumu yenyewe kabla ya kutoka kambini. Mahakama ilivifuta vifungu kadhaa, kikiwamo kile cha mwenye nyumba anayepangisha na kile kilichomlazimisha mtu kutoa taarifa. Na kilichobaki, kama kosa lolote jingine, kinataka ushahidi wa tendo. Mavazi si ushahidi, na muziki pia si ushahidi.

Siku za UVIKO-19 zilikuwa mtihani mkubwa kuliko yote, kwa sababu baa zilifungwa kwa amri tangu mwezi Machi 2020 na hazikufunguliwa rasmi hadi tarehe 24 Januari 2022. Muda huo wote sheria ilikuwa upande wa msako. Kazi ilikuwa halali. Lakini uhalali wa kazi haukuhalalisha kila namna ya kuifanya. Katika siku hizo askari waliingia usiku katika mji wa Elegu, wilayani Amuru, kwenye mpaka wa Sudan Kusini, wakawapiga na kuwadhalilisha wanawake. Askari kadhaa walikamatwa kwa ajili ya tendo hilo. Mwishoni mwa mwezi Machi 2020 watu 20 walichukuliwa kutoka katika nyumba moja ya hifadhi huko Kyengera, karibu na Kampala, wakashtakiwa kwa kuhatarisha kueneza ugonjwa, wakakaa rumande hadi Mei bila kuonana na mawakili wao. Mashtaka yakaondolewa, na mwezi Juni mahakama ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa.

Elegu ni ndugu yake Malaba. Ni mji wa malori, wa forodha, wa wanawake wauzao chai alfajiri. Afisa aliyeko Malaba asiseme hayo yalitokea mbali.

Zamani askari aliyefanya hivyo alijificha nyuma ya amri ya mkubwa wake. Leo pazia hilo limechanika. Sheria ya Kuzuia Mateso ya mwaka 2012 inasema wazi kwamba amri ya mkubwa si utetezi. Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 inamruhusu aliyedhulumiwa kumshitaki afisa mwenyewe kwa jina lake, si serikali peke yake. Koplo anayempiga kofi mhudumu wa baa mbele ya wateja 40, nusu yao wakiwa na simu zenye kamera, anaweka pensheni yake juu ya kaunta.

Upo pia upande wa usalama wa taifa, ambao wasomaji wa ukurasa huu wataujali kuliko raia. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yaliwaua zaidi ya watu 70 mjini Kampala, wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika uwanja wa raga wa Kyadondo na katika mkahawa wa Kihabeshi. Tarehe 23 Oktoba 2021 bomu lililipuka katika kilabu cha nyama huko Komamboga, na aliyekufa alikuwa mhudumu, msichana wa miaka 20. Wakati huo amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa ingali ikitumika. Fikiria kazi ya mpelelezi. Mashahidi wake ni watu waliokuwa mahali ambapo kuwapo kwao kulikuwa kosa. Kila mmoja atapima: niseme niliona nani akiacha mfuko chini ya meza, au ninyamaze nisije nikashtakiwa mwenyewe?

Adui anapopita Malaba kwa basi au kwa lori, atakula mahali na kulala mahali. Atakayemwona wa kwanza ni mwanamke anayepokea pesa za chumba, au kijana apangaye kreti za soda. Hao ndio macho ya mpaka, na hawalipwi kitu. Afisa upelelezi hujenga urafiki nao kwa miezi; msako wa usiku mmoja, wenye matusi na kupekuana mifuko, huuvunja kabla ya mapambazuko. Atakayeulizwa kesho yake atasema hakuona mtu.

Hali kadhalika kwa maradhi. Katika miaka ya 1980 barabara hii ya malori ilikuwa njia kuu ya UKIMWI, na jeshi halikusalimika. Mwaka 1986, kwenye mkutano mjini Harare wa nchi zisizofungamana na upande wowote, Fidel Castro alimweleza Rais Museveni kwamba kati ya maafisa 60 waliopelekwa Cuba kwa mafunzo, 18 walikutwa na virusi. Uganda haikujibu habari hiyo kwa kuwatia ndani wanawake wa baa. Ilijibu kwa kusema hadharani, redioni na gwarideni, na maambukizi yakashuka katika miaka ya 1990. Mwanamke anayeogopa sare hukimbia pia mwuguzi anayefuatana na sare, na hasara yake hurudi kambini kwa miguu.

Kambini, maana tusijidanganye. Nani wateja wa baa za Malaba wakati mshahara umetoka? Nyani haoni kundule. Kanuni za Maadili za NRA, zilizotungwa msituni na kutangazwa kuwa sheria mwaka 1986, hazikumwagiza mpiganaji kuwasafisha raia. Zilimkataza yeye kuwatukana na kuwapiga watu, zikamkataza uhusiano usio halali na wanawake, zikamkataza pombe mpaka vita viishe, kwa hoja nyepesi kwamba mlevi mwenye bunduki ataitumia vibaya. Maadili yalianzia kwa mwenye silaha. Kazi halali ya polisi jeshi katika klabu ya usiku ni hiyo: kumtafuta askari aliyelewa akiwa na silaha au aliyetoroka zamu, kumtoa kimyakimya na kuwaacha raia na ngoma yao. Ikiwa polisi wa kawaida wamezidiwa na kuomba msaada, jeshi huja kusaidia mamlaka ya kiraia, kwa maombi na kwa kiasi. Halina orodha yake lenyewe ya baa mbaya.

Polisi naye, msako wake unaostahili jina hilo huanza wiki kadhaa kabla ya gari kutoka. Kuna mlalamikaji, au taarifa iliyothibitishwa. Kuna kosa lenye kifungu. Kuna hati ya upekuzi. Kuna askari wa kike wa kuwapekua wanawake. Afisa wa ustawi wa jamii yuko tayari, kwa kuwa mtoto akipatikana hapelekwi mahabusu na watu wazima. Kila kilichochukuliwa huandikwa papo hapo mbele ya mwenyewe. Watakaotoka na polisi huenda wakawa watatu, na ukumbi ukaendelea kucheza. Wakubwa wengine hawaupendi msako wa namna hii kwa kuwa haupendezi katika picha. Watu watatu hawajazi gari.

Mpaka wenyewe unaleta shida ambayo maofisa wa bara hawaijui. Mshukiwa anavuka daraja kwa dakika tano. Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mpakani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2016, inawaruhusu maofisa wa nchi moja kufanya kazi ndani ya eneo la udhibiti la nchi ya pili, lakini uwezo huo unaishia kwenye uzio wa kituo. Haumpi askari wa Tororo ruhusa ya kumfuata mtu hadi baa ya Malaba ya Kenya, wala kinyume chake. Kwa biashara ya kusafirisha wasichana, njia iliyopo ni kupeana taarifa kati ya vituo viwili na kupitia umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika ya Mashariki, ambao umekuwako tangu mwaka 1998. Ni njia ya polepole. Inakwenda haraka zaidi pale maofisa wa pande mbili wanapofahamiana kwa majina na namba za simu.

Na kazi itaongezeka. Mkataba ulitiwa saini Oktoba 2024, kati ya Uganda na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki, kujenga reli ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Ujenzi wa namna hiyo huleta kambi za vibarua, kambi huleta mishahara, na mishahara huleta kumbi mpya za starehe. Leseni zitaombwa kwanza katika ofisi za mji na za wilaya. Nakala ya daftari hilo, lenye jina la kila mwenye klabu, saa alizoruhusiwa na idadi ya wahudumu wake, inafaa iwe mezani kwa mkuu wa kituo kabla gari la kwanza halijatoka usiku.